Kurudi Jibondo na Bamvua la Juni

Jumamosi, Mbagala hadi Kilindoni

Nimemwahidi mwanangu Mafia tangu yuko darasa la pili, na sasa yuko la sita. Kila likizo ya Juni ikiingia huzuka jambo, mara msiba, mara ada, mara homa. Mwaka huu nilipotazama kalenda ya mwezi nikaona bamvua, yale maji makubwa ya bahari, limeangukia katikati ya likizo, nikajua nikiliacha hili basi tena. Alfajiri tukawa Mbagala Rangi Tatu tunatafuta basi la Nyamisati, yeye na begi la shule mgongoni, mimi na ndoo mbili za lita ishirini zenye mifuniko. Ndoo nitazieleza tukifika.

Njiani akaniuliza kama huko kwetu kuna sehemu ya kuogelea. Bahari anayoijua ni ya Kigamboni siku ya Idi: muziki, mishikaki, picha, kisha foleni ya kivuko. Nikamwambia huko bahari ipo pande zote, akafurahi. Sikumwambia kwamba katika utoto wangu wote kisiwani Jibondo sikumbuki kumwona mtu mzima amekaa pwani bila kazi mikononi. Wazee walikaa, ndiyo, kwenye kivuli cha chombo kilichopandishwa juu, lakini hata hao walikuwa wanashona nyavu.

Tukapita Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu. Bungu tukaiacha barabara ya Kilwa tukakata kushoto. Nyamisati iko pembezoni mwa delta ya Rufiji, penye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, kwa hiyo ukifika hapo bado huioni bahari. Unaona mkondo wa maji ya tope, miti imesimama majini, na watu wanagombea nafasi ya mzigo. Siku hizi kuna kivuko cha serikali na boti za faiba, na abiria wanavalishwa maboya. Enzi zetu ilikuwa mashua. Tulipanda usiku maji yakijaa, tukalala juu ya magunia ya unga na kreti za soda, nahodha akisubiri umande uvume kutoka bara utusukume nje. Umande ukigoma, mnakaa. Kuna safari tulikaa mkondoni mpaka chakula cha njiani kikatuishia, mama akaomba nafasi kwenye lile sanduku la mchanga ambalo mabaharia hupikia chomboni, akatukorogea uji huku mbu wa mikoko wakitumaliza.

Kusi la Juni halina huruma. Tulipotoka tu kwenye kinga ya mikoko, chombo kikaanza kupanda na kushuka, na mwanangu akawa wa kwanza kushika mfuko. Mama mmoja akampa kipande cha ndimu anuse. Mzee aliyekaa mbele yetu, kofia ya viua kaivuta mpaka kwenye nyusi isipeperuke, akaniambia, "Mwache atapike, mwanangu. Akimaliza ndio ameshaingia Mafia."

Kilindoni kuna gati sasa, unashuka kwa miguu yako na viatu vyako. Mimi nilishushwa hapa kwa mabega. Chombo kilitia nanga mbali, wachukuzi wakaja na maji yamewafika kifuani, wanawake na watoto wakabebwa, wanaume wakakunja suruali. Bei ilitegemea unene, na mapatano yalifanywa kwa sauti kubwa mbele ya watu wote.

Jumapili, Kilindoni

Tumelala kwa shangazi. Asubuhi nikampeleka mtoto pwani kuona dagaa wanavyochemshwa na kuanikwa. Akauliza kuhusu potwe, maana alimwona kwenye simu. Nikamwambia hayupo sasa, huyu papa mkubwa huja karibu na Kilindoni wakati wa kaskazi, kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, na ndio wakati ambao wageni wanajaa hapa kuogelea naye. Hana ubaya wowote. Anapanua kinywa, anachuja maji, anakula vidudu.

Mjomba wangu aliyekuwa akivua dagaa kwa taa hakumpenda hata kidogo, na si kwa kumwogopa. Potwe akiingia kwenye wavu, wavu unakatwa, na wavu ulikuwa wa mkopo. Leo mtoto wa huyo huyo mjomba anaishi kwa kuwapeleka wageni kumtafuta. Nilipomkumbusha maneno ya baba yake akacheka, akasema mzee angeishi mpaka leo angemsamehe potwe kwa msimu mmoja tu.

Mchana sikuona cha kuandika. Tulikula, tukalala, upepo ukavuma.

Jumatatu, Utende na Chole

Kutoka Kilindoni kwenda Utende ni lami tupu, minazi kushoto na kulia. Hapo Utende ndipo zilipo ofisi za Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa 1995. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka wazee wa Jibondo wakibishana barazani usiku kucha: nani amewaambia bahari ina mipaka, na mtoto wa mvuvi atakula nini. Nakumbuka vilevile sababu ya hifadhi kuwekwa. Baruti ilikuwa ikipigwa hovyo katika pwani hii. Sisi watoto tuliisikia tukiwa majini, kishindo kifupi kinachokupiga kifuani kabla ya masikio, kisha tunakimbilia samaki wanaoelea matumbo juu. Tuliwafurahia. Hakuna mtoto anayekataa kitoweo cha bure. Matumbawe nayo yalivunjwa kwa mitaimbo, yakapangwa juu ya magogo, yakachomwa kuwa chokaa, na nyumba nzuri zote tulizozijua zilisimama kwa chokaa hiyo.

Ila pigo kubwa kuliko yote halikutoka kwa mvuvi. Mwaka 1998 mama alirudi kutoka mwambani akasema matumbawe yamekuwa meupe, eneo zima, na hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini. Elinino tuliijua kama jina la mvua iliyobomoa barabara bara. Kwamba ilikuwa pia joto la bahari, na kwamba joto hilo ndilo lililoyapausha matumbawe yetu na mengi kati yake yakafa, nilikuja kulisikia nikiwa mtu mzima, mjini, kutoka kwa mgeni.

Tukavuka kwenda Chole kwa mashua. Kabla ya Wajerumani kuhamishia ofisi zao Kilindoni mwaka 1913, mji mkuu wa Mafia ulikuwa hapa. Sasa magofu yameshikwa na mizizi ya miti mpaka hujui kama ukuta unaubeba mti au mti unaubeba ukuta. Mwanangu hakujali Wajerumani. Alijali popo, wale wakubwa wanaokula matunda, wananing'inia mchana kutwa mtini wakijipepea kwa mbawa na kugombana. Amepiga picha nyingi mno.

Saa kumi jioni maji yakawa yamejaa, tukapata chombo cha Jibondo. Nahodha alinitazama, akanitazama tena, akataja jina la marehemu mama yangu. Nauli akakataa. Nikaiacha chini ya kreti la vitunguu vyake, ataikuta.

Jumanne, Jibondo

Sasa ndoo. Jibondo ni mwamba wa matumbawe uliotokeza juu ya maji. Visima vyake vina chumvi, na enzi zetu maji ya kunywa yalikuwa ya mvua, na mvua ikiisha yalivushwa kwa chombo. Utoto wangu umepimwa kwa ndoo. Tulijua kuoga kwa kata mbili, na tulijua kunyamaza pale mgeni anapoogea tatu. Mama mdogo alitupokea pwani jana jioni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akajibu marahaba, akamkumbatia mtoto, akazigonga zile ndoo kwa kidole kusikia kama plastiki ni nzito. Zilikuwa nzito. Hapo ndipo akatabasamu.

Leo ni bamvua. Kwa asiyejua: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, na pwani yetu yote hii, siku za bamvua, maji hupwa mwisho kama saa nne asubuhi na kujaa mwisho kama saa kumi. Ratiba hii haikuhitaji saa ya mkononi. Shuleni, siku ya bamvua, nusu ya viti vya darasa vilikuwa vitupu. Mwalimu kutoka bara alichapa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili akachoka, wa tatu akawa anaagiza pweza.

Saa mbili na nusu tukashuka mwambani. Mama mdogo amepita sitini. Kavaa raba za plastiki, khanga moja kiunoni imekazwa na nyingine kichwani, mkononi ana chuma chembamba chenye urefu wa mkono wake, begani tenga. Haendi haraka. Maji yamemfika kwenye enka, macho yako chini hatua nne mbele ya miguu, na mdomo hausimami. Anaongea habari za ndoa ya fulani, deni la fulani, na katikati ya neno anasimama.

Hapo aliposimama mimi sikuona kitu. Mwanangu naye hakuona. Akaonyesha kwa chuma: mawe madogo madogo, kama sita, yamepangwa kuzunguka kitundu kisichozidi kikombe. Pembeni mabaki ya kaa na magamba ya chaza, mapya, ndani yake bado yanang'aa. Mchanga wa mlangoni umefagiliwa. "Huyu yumo, na jana usiku amekula vizuri," akasema.

Akaingiza chuma taratibu, hachomi, anapapasa tu. Kikashikwa. Ukaona mkono mmoja umetoka, kahawia, halafu mwingine, vinyonyeo vikishika chuma kimoja baada ya kingine. Hakuvuta. Alingoja mpaka pweza aamini kwamba ndiye anayevuta yeye. Kisha akashika kichwa kwa nyuma, mnyama mzima akatoka, kwa mara moja akawa mweupe, akawa mwekundu, akamwaga wino, na mkono mmoja ukamzunguka mwanangu kwenye kigasha. Alipiga kelele ambayo nadhani Kua, kisiwa jirani cha Juani, waliisikia. Mama mdogo akakipindua kichwa cha pweza ndani nje kama soksi, mikono ikalegea, kazi ikaisha. Kwenye ngozi ya mtoto vilibaki viduara vyekundu, vimepangika safu mbili. Mpaka saa hii ninapoandika bado anavionyesha kwa kila anayepita uani.

Mashimo haya hayaokotwi ovyo. Pweza hukaa, huvuliwa, na mwingine akija huhamia shimo lile lile, kwa hiyo anayejua mashimo ana mali. Kila mwanamke ana yake, na hasemi. Mama aliniachia kumi na kitu, niliyakariri kwa alama: jiwe lenye ufa, nyasi za bahari zinapoishia, hatua kadhaa kutoka bwawa la tasi. Leo nimeyatafuta. Mengine nimeyapata, yamejaa mchanga. Mawili yana wenyewe, na wenyewe walinisalimia kwa uchangamfu mwingi wa kuniambia nisisogee.

Nilipokuwa mdogo, pweza alikuwa kitoweo cha wanawake. Wanaume walivua papa kwa nyavu za jarife, wakaja na ng'onda na hadithi. Wakamcheka mtu anayetembea na fimbo kuchokora mashimo. Miaka ya tisini viwanda vikaanza kununua pweza wa kusafirisha Ulaya, bei ikapanda, na ghafla wanaume wakagundua kwamba na wao wanapenda sana kuzamia pweza. Mama mdogo huisema habari hii bila chuki, lakini huisema kila mara.

Pwani tukamkuta mnunuzi na mizani. Pweza wa chini ya nusu kilo haruhusiwi kisheria, na wapo wanaomkanda mdogo ajae maji azidi. Mnunuzi anajua, muuzaji anajua kwamba mnunuzi anajua, na majadiliano huanzia hapo. Hata huo mfumo wa kufunga mwamba usivuliwe pweza miezi mitatu, ulioanza visiwa vya huku si zamani sana, mama mdogo aliupinga kwa nguvu zote mwanzoni. Sasa ni mtetezi wake. Pweza hukua haraka, anasema. Ukimwacha miezi mitatu, wa robo anakurudia kilo mbili. Akanitazama. "Mtoto wako ungemwacha huku miezi mitatu ungeona."

Jumatano, Jibondo bado

Pweza wa jana amepigwa juu ya jiwe mpaka akalainika, nusu akaanikwa kwenye kamba uani, nusu akapikwa kwa nazi. Sina la kuongeza.

Jioni, maji yakijaa, watoto wakatoka na vyombo vyao. Hiki nilikuwa nimekisahau kabisa. Ni vingalawa vya kuchonga, urefu wa mkono, tanga la mfuko wa nailoni, jiwe dogo limefungwa chini kuvipa uzito. Wanaviweka majini upande wa upepo, vyote pamoja, kisha wanakimbia ufukoni kwenda kuvipokea ng'ambo. Ubishi ni mkubwa kuliko mbio. Nani kakata tanga refu kupita kiasi, nani kapuliza. Hapa kisiwani watu wanaunda majahazi ya kweli, na nina hakika fundi yeyote aliye leo kwenye banda, anapiga kalafati kwa nyundo huku mafuta ya sifa, yale ya maini ya papa, yakinuka mpaka msikitini, alianza kwa kubishana juu ya mfuko wa nailoni.

Mwanangu alikopeshwa kimoja. Kilipinduka. Akakopeshwa tena. Baadaye chombo cha jarife kikaingia, watoto wote wakaacha mchezo wakaenda kushika kamba. Ndivyo tulivyokuwa. Ukivuta, unapata kitoweo. Usipovuta, unakwenda nyumbani kueleza. Naye akaenda, akashika kamba mwisho kabisa ambapo hasaidii chochote, na nahodha akampa changu wawili wadogo. Alikuja nao ameshika mikia, hasemi. Nimemwona akipewa zawadi za simu na viatu, sijawahi kumwona na uso ule.

Alhamisi, Juani

Kua kwanza, mji wa mawe ulioporwa na Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, mwanzoni mwa karne ya 19. Wazee wana hadithi yao ya zamani zaidi, ya Kua na mji wa Kisimani: upande mmoja uliteremsha jahazi juu ya watoto wa upande wa pili, nao wakangoja miaka, wakaalika karamu ya harusi, wakaziba mlango kwa ukuta. Nani aliyeanza inategemea anayesimulia ametoka upande gani wa Mafia. Bibi yangu alikuwa na msimamo mkali katika suala hili, na sitauandika, nina ndugu pande zote.

Tukakata kisiwa kwa miguu mpaka pwani ya mashariki, njia ya mawe makali kati ya vichaka. Huko ndiko kasa wanakopanda kutaga. Kijana wa kijiji anayelinda viota alikuwa amehesabu siku, kiasi cha miezi miwili tangu kutagwa, akatuambia leo. Tukakaa. Mchanga ukatetemeka, ukabonyea, kikatoka kichwa kimoja, halafu dazeni nzima kwa pamoja, wakaanza kuteremka kuelekea mawimbi. Kijana akawazuia watu wasiwashike wala wasiwabebe, watembee wenyewe.

Sisi tulimla kasa. Nyama iligawanywa kijiji kizima, na mama alikuwa na desturi ya kumpa paka kwanza, akangoja, kwa sababu kuna wakati kasa huwa na sumu na hakuna mpishi anayeweza kuijua kwa harufu wala kwa ladha. Nilidhani ni ushirikina wa kina mama mpaka Machi 2024, Panza kule Pemba, walipokufa watoto wanane na mtu mzima mmoja baada ya kula kasa. Nilimweleza mwanangu hayo yote pale pale. Aliuliza kama paka wetu aliwahi kufa. Hapana, alinenepa.

Ijumaa, Jibondo hadi Utende

Chombo kinaondoka baada ya sala ya alasiri, maji yakijaa. Mama mdogo amefunga pweza mkavu kwenye gazeti, kisha kwenye mfuko, kisha kwenye khanga kuukuu, na bado ananuka. Ndoo zimebaki. Amenipa orodha ya Desemba, ameitaja huku anahesabu vidole: ndoana, betri za tochi, raba namba tano zisizoteleza, dawa ya macho, na ndoo nyingine moja kama nitaweza.

Halafu akasema mtoto lazima arudi Desemba, kwa sababu amemwonyesha shimo. Moja tu, lakini zuri, halijawahi kukaa tupu miezi miwili.

Nikageuka kumuuliza mwanangu ni lipi. Ameangalia maji. Nimemuuliza tena tulipokuwa tunapita Juani, nikamwambia mimi ni mama yake, na mashimo yale yote yalikuwa ya mama yangu. Amesema aliambiwa asimwambie mtu.